Neno la Radhi katika Kiti cha Kataa

Mjinga wa siku ile alikuwa Radhi bin Wepesi, mjumbe wa Kitovuni katika Baraza la Mikono Mitatu, na msomaji asijisumbue kumtafuta mwingine. Radhi mwenyewe alikiri mahakamani, kofia mkononi na jasho shingoni, kwamba kama wajinga wangefanya uchaguzi siku ile, yeye angepita bila kupingwa. Lakini ujinga wa mtu mmoja haunenepi bila kulishwa. Wa Radhi ulilishwa na jimbo zima, kwa kijiko cha fedha, na mwenye kutaka kujua ulivyonona sharti aijue kwanza nchi ulikolishwa.

Faharikale ni jimbo la milima ya mawe na mabonde ya mizeituni, lililoshikizwa kwenye Ufalme wa Mamlakani kama kifungo kilivyoshikizwa kwenye kanzu: kwa uzi mwembamba, na kwa hiari ya mvaaji. Watu wake ni wakarimu na wachapakazi, na wana ugonjwa mmoja tu, nao ni kuyapenda mambo yaliyokwisha kuliko mambo yaliyopo. Mtoto wa Faharikale hufundishwa majina ya mababu zake kabla ya kufundishwa kufunga viatu, ndiyo maana wengi hujikwaa huku wakijisifu. Mji wake mkuu, Sanamuni, una mashujaa wa shaba wengi kuliko visima. Mgeni akiomba maji huonyeshwa jemadari juu ya farasi, na akisema koo bado limekauka huonyeshwa jemadari mwingine.

Katika fahari zote hizo, iliyo kuu ni Baraza. Zama za kale, mfalme alipoishiwa fedha za vita, na hakuna mfalme aliyepata kupigana vita vya bei nafuu, alilazimika kupanda farasi na kuja Sanamuni mwenyewe kuomba. Alipokewa katika ukumbi wa mawe na mikono mitatu ya nchi: Mkono wa Sala, waliovaa majoho meusi, Mkono wa Upanga, waliovaa chuma, na Mkono wa Mji, wafinyanzi na wafumaji na wakamuzi wa mafuta, waliovaa walichokuwa nacho. Wakamsalimu kwa taadhima, wakampa kiti, kisha wakamwambia kwa adabu isiyo na woga: "Ewe Mfalme, fedha tutazizungumza. Kwanza tuzungumze maovu yako." Hapo mfalme alivua taji akaliweka magotini, na kila aliyedhulumiwa na watu wake akaja kuketi katika kiti cha jiwe kilichokuwa katikati ya ukumbi, akaeleza alivyotendwa. Hazina haikufunguliwa mpaka aliyeketi pale atamke neno moja: "Nimeridhika."

Aliyewapita wote walioketi pale alikuwa Kataa, mkamuzi wa zeituni wa Kitovuni. Askari wa mfalme walikuwa wameng'oa boriti za paa lake wakaotea moto. Kataa akaketi, akasema, "Sikubali." Akaletewa dhahabu, akasema sikubali. Akaletewa cheo, akauliza kama cheo huzuia mvua. Majira ya baridi yakaingia, mfalme akapiga chafya mbele ya mabalozi wa nchi za kigeni, jeshi lake likaanza kula mikanda ya viatu mpakani, na mwishowe maseremala wakatumwa Kitovuni na paa likarudi mahali pake. Ndipo mfalme alipovaa tena taji, akaweka mkono juu ya kile kiti cha jiwe, akaapa: "Nyumba ya mtu wa Faharikale haitaguswa bila ridhaa ya mwenyewe. Mwenye kuvaa taji akilivunja neno hili, taji si lake tena, na nyumba yake mwenyewe iwe malisho ya mbuzi." Kataa akamtazama usoni, akasema, "Nimeridhika," akaenda zake kukamua mafuta. Tangu siku hiyo kiti kikaitwa kwa jina lake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa nchi. Kisha akatawala Mfalme Futa, aliyekuwa na mizinga mingi na uvumilivu kidogo. Akalifuta Baraza kwa siku moja, akafunga farasi wake ukumbini, na farasi wakala majani yao juu ya Kiti cha Kataa kwa vizazi kadhaa. Watu wa Faharikale walilia kwa siri na kufundishana kwa siri. Hata ulipofika wakati wa mfalme mwingine, ambaye alikuwa mpole au labda alikuwa amechoka tu, Baraza likarudishwa. Siku ile watu wasiojuana walikumbatiana njiani, na wazee waliobebwa kwa machela waliomba washushwe ili wasimame.

Na ni kitu gani kilichorudishwa? Hapa ndipo mwenye damu mwilini huanza kusaga meno. Majoho yalirudishwa, tena ya hariri. Tarumbeta zilirudishwa. Kuta zilichorwa sura za wajumbe wa kale, kila mmoja na pua yake, na wajumbe wapya wakajifunza kuketi kama wale wa ukutani, kidevu juu na mkono kifuani, mpaka ikawa shida kujua kwa haraka ni yupi anayelipwa mshahara. Kiti cha Kataa kilisuguliwa mpaka mavi ya farasi yakatoka, kikazungushiwa kamba ya zari, na mtu akakatazwa kukikalia. Kiapo cha mfalme kilichongwa upya juu ya mlango kwa herufi za dhahabu, kikawa sheria ya jimbo, kwa kuwa kilipendeza. Na malalamiko, yaliyokuwa roho ya jambo lote? Yalipangiwa nafasi mwishoni mwa kikao, baada ya chakula cha mchana; na baada ya chakula cha mchana Faharikale nzima hulala. Kwa wasioweza kungoja paliwekwa sanduku la malalamiko la shaba, kazi ya msanii mkubwa, lenye sura ya Kataa ubavuni. Msanii alisahau kulitoboa tundu. Miaka mingi ilipita kabla ya mtu kugundua, na aliyegundua aliambiwa alete malalamiko yake kwa maandishi, ayatie sandukuni.

Rais wa Baraza hilo alikuwa Tasfida bin Makuu, mtu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na kinywa ambacho hakikupata kukiita kitu kwa jina lake. Njaa kwake ilikuwa mapumziko ya tumbo. Wizi wa serikali ulikuwa mali kutembea. Alipokwenda kumzika mama yake mzazi aliwaambia waombolezaji kwamba bibi amebadilisha makazi, na baadhi yao wakaulizia anwani.

Kwake Tasfida ndiko alikofikia Balozi Kiu, mjumbe wa Mamlakani. Mji wa mfalme ulikuwa umejenga chemchemi za mapambo kila njia panda, mabwawa ya kuogelea juu ya mapaa, na bustani za majani laini ambayo hayakuliwa na mnyama wala hayakumfaa mtu. Sasa maji yalikuwa hayatoshi. Balozi Kiu alitaka Mto Subira uzibwe kwa ukuta pale bonde linapobana kama koo, na bonde lote la juu yake lijae maji. Katika bonde hilo kuna kijiji kimoja, nacho ni Kitovuni.

"Kitovuni kitazama?" aliuliza katibu mmoja mgeni wa kazi.

"Kitaburudishwa," alijibu Tasfida.

Kulikuwa na kizuizi kimoja, nacho kilikuwa juu ya mlango kwa herufi za dhahabu. Ridhaa ilitakiwa: mtu wa Kitovuni aketi katika Kiti cha Kataa, tarumbeta zikiwa zimelia, atamke neno lile moja. Balozi Kiu alishauri askari. Tasfida alitabasamu, akasema hakuna haja ya askari. Katika Faharikale ukitaka kumwibia mtu, humwekei kisu shingoni, unamvalisha joho la babu yake.

Radhi bin Wepesi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na moyo mweupe, sauti nzuri, na mdomo ambao tangu utotoni haukupata kujifunza kulitamka neno "hapana". Watu wa Kitovuni walimchagua kwa sababu hakuna aliyemchukia, wakasahau kuuliza kwa nini. Tasfida alipomwita chumbani kwake na kumwambia kwamba Baraza litaadhimisha siku ya Kataa kwa mchezo mkubwa, ndani ya ukumbi wenyewe, na kwamba yeye, mwana halisi wa Kitovuni, ndiye atakayefunguliwa kamba ya zari na kuketi mahali pa babu yake, Radhi alitokwa na machozi kabla ya kuuliza swali lolote. Baadaye hakukumbuka swali.

"Na mfalme atakuwa nani, mheshimiwa?" ndilo pekee aliloweza kusema.

"Nitajidhalilisha mimi," alisema Tasfida.

Radhi alipanda nyumbu akaenda Kitovuni kuitangaza habari hiyo, na mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa Bi Thabiti, mjane wa kaka yake, marehemu Imara. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ya Kataa. Kinu chake cha kukamulia zeituni kilikuwa bado kinazunguka uani. Kwa mama huyu Radhi alikula tangu akiwa kijana asiye na mbele wala nyuma, na kaka yake alizikwa nyuma ya kinu, chini ya mlozi, kama alivyoomba mwenyewe.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu. Zungukia mlango wa uani, huo wa mbele hautoshi hiyo kofia."

Kofia ilikuwa mpya, pana kama ungo, yenye unyoya. Radhi aliivua. "Nilipita sokoni. Muuzaji alinisihi sana."

"Na ile ya mwezi uliopita?"

"Naye alinisihi."

"Kichwa kimoja, kofia nyumba nzima, na kazi hakifanyi," alisema Bi Thabiti huku akimtengea mkate na mafuta mapya. "Haya, kula. Una neno, limekujaa mashavuni."

Radhi akaeleza: joho, tarumbeta, kamba ya zari. Bi Thabiti alisikiliza huku akipangusa jiwe la kinu kwa kitambaa.

"Wewe uwe Kataa?" alisema mwishowe. "Wewe uliyeshindwa kumkatalia muuza kofia?"

"Ni mchezo, shemeji."

"Na mwishoni unasema nini?"

"Nasema nimeridhika. Kama alivyosema yeye."

"Yeye alisema paa lilipokwisha kurudi. Wewe unaridhika na nini?"

"Nimekwambia ni mchezo tu."

"Na yule Balozi wa Mamlakani, naye ametoka kote huko kuja kutazama mchezo tu?"

"Anapenda historia," alisema Radhi.

"Wapima ardhi wake walikuwa hapa kabla ya mavuno, wakitupia kamba mtoni. Historia gani inayopimwa kwa kamba?" Akamsogezea sahani. "Niahidi kitu kimoja, shemeji. Ukiona watu wengi wanakupigia makofi, funga mdomo."

"Naahidi," alisema Radhi; maana kuahidi nako ni kukubali, na katika kukubali hakuwa na mshindani.

Siku ya maadhimisho ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wajumbe walivaa hariri, wakaketi kidevu juu. Balozi Kiu aliwekwa mbele, mguu juu ya mguu, glasi ya maji mkononi. Tarumbeta zililia, na watu wengi walishikwa na baridi ya mgongo, kwa kuwa sauti ile ilikuwa ya kweli hata kama waliopuliza walikuwa wa kukodi. Tasfida aliingia akiwa na taji la dhahabu lililotolewa makumbusho. Kamba ya zari ikafunguliwa, Radhi akaketi.

Ni lazima isemwe kwa haki kwamba alicheza vizuri. Aliletewa dhahabu ya bati akasema "Sikubali," na kuta zikamrudishia sauti. Aliletewa cheo akauliza kama cheo huzuia mvua, na mwanamke mmoja nyuma akalia kwa kwikwi. Kwa muda mfupi hata Radhi alijiona ana mifupa. Alihisi ubaridi wa jiwe lile chini yake, akawaza kwamba ni hivi mtu anavyojisikia akikataa, na kwamba alikuwa amekosa kitu kikubwa maisha yake yote. Kisha Tasfida akaweka mkono juu ya kiti, taji likimetameta, akakiapa kile kiapo chote, tangu nyumba ya mtu wa Faharikale hadi malisho ya mbuzi, kwa sauti nzito iliyomstahili mfalme bora kuliko yeyote aliyepata kutawala. Ukumbi ukapiga makofi.

Radhi alikumbuka ahadi yake. Aliufunga mdomo. Lakini makofi yalizidi, watu walisimama, Tasfida alimtazama kwa upole kama baba anayemngoja mtoto apige hatua, na kunyamaza mbele ya watu wanaokupenda ni kazi inayohitaji mazoezi.

"Nimeridhika," alisema Radhi.

Rungu la rais liligonga meza kabla neno halijafika ukutani. Tasfida, taji lingali kichwani, akatamka kwa sauti nyingine, ile ya kazini: "Baraza limepokea ridhaa ya Kitovuni. Wanaoafiki mradi wa kuliburudisha bonde la Mto Subira waseme naam." Wajumbe wakasema naam, mkono kifuani, kidevu juu, wote kwa pamoja, kama wale wa ukutani, ila wale wa ukutani angalau walikaa kimya. Balozi Kiu aliinuka akainama kwa shukrani. Na Radhi, Mungu amsamehe, alikuwa bado anawapungia watu mkono.

Wapima ardhi walifika Kitovuni wakiwa na ndoo za chokaa. Walipiga mstari mweupe kuonyesha mahali maji yatakapofika: ukapita juu ya paa la Bi Thabiti, juu ya kinu, juu ya kilele cha mlozi, ukapanda mlimani na kukata mizeituni katikati ya mashina. Walikuwa vijana wenye adabu. Walimwomba Bi Thabiti maji ya kunywa, akawapa, kwa kuwa si wao aliokuwa na kisa nao.

Radhi alipofika mbio juu ya nyumbu, hakuna aliyemkaribisha mkate. Bi Thabiti alikuwa amesimama uani, akiutazama mstari ule juu ya kichwa chake kama mtu anayetazama nyoka darini.

"Shemeji, sikujua."

"Najua hukujua. Kutojua ndiyo kazi waliyokupa, na umeifanya kwa bidii." Akamshika mkono, akamvuta hadi nyuma ya kinu, chini ya mlozi. "Haya. Huyo hapo kaka yako. Mwambie umeridhika. Mwambie kwa sauti ile ile ya ukumbini, iliyowaliza watu."

Radhi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake neno la kukubali halikutoka. Akapiga magoti. Bi Thabiti akasema bila kumwinua:

"Nimefungua kesi kwa Hakimu wa Katikati. Utakuja useme ulikuwa mjinga."

"Mbele ya watu wote, shemeji?"

"Kwani uliposema umeridhika ulisemea chooni?"

Hakimu wa Katikati ni cheo kingine cha kale. Zamani hakimu huyo aliketi kati ya taji na raia, na pande zote mbili zilimwogopa. Siku hizi hukata utepe na kuweka mashada ya maua. Aliyekishika, Insafu bin Kimya, alikuwa mzee mwenye mikono mizuri, kutokana na kushika maua. Bi Thabiti alipomletea kesi alifurahi, kisha akaogopa, kisha akagundua kwamba chumba cha mahakama kilikuwa ghala la viti vya sherehe. Viti vikatolewa, na Sanamuni yote ikaja kuvikalia barazani ili isikilize. Mlangoni pa mahakama Bi Thabiti alifunga kitu kwa kamba, na tangu mwanzo hadi mwisho wa kesi kitu hicho hakikuacha kulia.

Radhi aliitwa kwanza. Alisema yaliyokwisha kusemwa mwanzoni mwa habari hii: kwamba alikuwa mjinga, kwamba hakulazimishwa, kwamba alidhani ni mchezo, kwamba alipigiwa makofi. Baadhi ya watu walicheka. Hakungoja wamalize, akasema, "Sikubali," kwa sauti ndogo iliyopasuka, isiyo na uzuri wowote wa ile ya ukumbini, na waliokuwa wakicheka wakaacha.

"Umechelewa kidogo, mheshimiwa," alisema Tasfida kwa huruma. Akasimama, akalikunjua joho lake. "Hakimu mtukufu, mjumbe huyu anadai neno lake ni batili kwa sababu ya ujinga. Kama ujinga ungebatilisha maneno, hakuna sheria hata moja ya Baraza letu ambayo ingesimama."

"Hilo ni kweli," alisema Hakimu Insafu, kabla ya kujizuia.

"Anadai pia kwamba ulikuwa mchezo. Naomba niulize: kiti kilikuwa cha mbao za maigizo? Kilikuwa Kiti cha Kataa. Ukumbi ulikuwa wa kuchorwa? Ulikuwa ukumbi wa Baraza, na tarumbeta zilikuwa zimelia. Sisi watu wa Faharikale tuliporwa mila zetu, tukaona farasi wakila juu yake. Je, leo tuwaambie wazee wetu kwamba zilirudishwa ili tuzichezee? Kataa mwenyewe alipoketi pale, je, alisema anaigiza? Hakimu mtukufu, katika ukumbi ule hapana mchezo! Kila neno linalotamkwa humo, kwa mavazi ya kale, baada ya tarumbeta, ni neno la sheria. Atakayesema vinginevyo anatia mavi ya farasi tena juu ya kiti kile."

Hotuba ilikuwa nzuri mno. Watu walioletwa na ghadhabu walijikuta wakipangusa macho, kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Waguse mababu, na unaweza kuwatoa figo. Hata Hakimu Insafu alimeza mate na kutazama mikono yake. Balozi Kiu alikuwa amekwisha kuvaa glavu zake aondoke.

"Bi Thabiti," alisema hakimu kwa uzito, "una la kuongeza?"

Bi Thabiti alisimama. Hakuwa na joho. Alikuwa na shuka lenye madoa ya mafuta, na hasira aliyokuwa ameibeba vizuri, bila kuimwaga, tangu chokaa ilipopita juu ya paa lake.

"Sina la kuongeza, baba. Nina la kuuliza, nami nimuulize mheshimiwa. Neno la shemeji yangu lilikuwa la kweli?"

"La kweli kabisa," alisema Tasfida.

"Kwa sababu ya kiti, na mavazi, na tarumbeta."

"Kwa sababu hizo hasa. Nakupongeza kwa usikivu wako, mama."

"Ahsante. Kabla yake kuna mtu aliapa, mkono juu ya kiti hicho hicho. Alikuwa nani?"

Tasfida alizichana ndevu kwa vidole. "Katika mfuatano wa tukio, mwenye dhamana ya taji…"

"Jina, mheshimiwa."

"Lilikuwa… nilikuwa mimi."

"Mavazi ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Tarumbeta?"

Walioketi barazani walijibu kwa niaba yake: "Zililia! Zililia!"

"Uliapa kwamba nyumba ya mtu wa Faharikale haitaguswa bila ridhaa ya mwenyewe," alisema Bi Thabiti. "Shemeji yangu ana nyumba yake huku mjini, imejaa kofia. Ameridhia, izamishe. Nyumba yenye chokaa ni yangu mimi, na mimi sikuulizwa, sikuketi, sikusema. Kwa hiyo kiapo kimevunjwa, na aliyekivunja ni mwenye taji. Baba hakimu, mlangoni nimemfunga mbuzi dume na majike wake. Wametembea kutoka bondeni, wana njaa. Naomba mtu anielekeze nyumba ya mheshimiwa iliko."

Mahakama ililipuka. Mzee mmoja alianza kutaja mtaa, nambari ya mlango, na upande wenye bustani nzuri. Hakimu Insafu aliinua mkono, na kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo chake, watu walinyamaza kwa sababu yake. Alikuwa amekaa katikati sasa, kati ya taji na raia, na ilionekana usoni kwamba ameanza kuhisi mahali alipo.

"Mheshimiwa Tasfida," alisema polepole, "kiapo kile, je, uliapa au hukuapa?"

Tasfida alitazama kulia, akamwona Balozi Kiu akivua glavu moja na kuitia mfukoni kama mtu asiyemfahamu. Alitazama kushoto. Nje, beberu alilia. Na yule mtu ambaye hakupata kukiita kitu kwa jina lake, alikiita kitu kwa jina lake, kwa sauti kubwa, mbele ya Faharikale yote:

"Lakini mimi nilikuwa naigiza!"

"Na shemeji yangu je?" alisema Bi Thabiti. "Alikuwa analima?"